Upepo wa Mbisho

Ami yangu alikuwa na neno moja kwa mambo mawili. Barazani, mtu akipinga kauli ya mwenzake, ami alikuwa akisema, “Huyo anabisha.” Katika mashua, tunapovuka kutoka Mkokotoni kwenda Tumbatu na upepo ukatujia usoni, utokako pale pale tunapotaka kwenda, alisema vilevile, bila kubadili sauti: “Leo tutabisha.” Utotoni nilidhani ni maneno mawili yaliyokutana kwa bahati tu, kama kaa la moto na kaa wa ufukweni. Niliacha kudhani hivyo siku nilipoitazama mashua yetu kwa makini. Ilikwenda mshazari mkono wa kulia, ikageuka, ikaenda mshazari mkono wa kushoto, ikageuka tena, ikiujibu upepo hoja kwa hoja, na kila jibu likitusogeza hatua chache kule upepo ulikokuwa ukitukataza.

Neno hilo limekuwa likinirudia kila ninaposoma habari za Paul Elvstrøm, baharia wa Denmark aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki mara nne mfululizo: 1948, 1952, 1956 na 1960. Kabla yake hapakuwa na mwanamichezo, wa mchezo wowote, aliyewahi kushinda dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki nne zinazofuatana. Alizaliwa tarehe 25 Februari 1928 huko Hellerup, kaskazini ya Copenhagen, kwenye ufuko wa mlangobahari wa Øresund unaotenganisha Denmark na Sweden. Alifariki tarehe 7 Desemba 2016. Jina lake halijulikani sana kwetu, na mimi nalileta hapa kwa sababu naamini watu waliokulia kwenye ngalawa na mashua watamwelewa haraka kuliko wengine wengi.

Kwanza niseme kidogo juu ya mbisho, kwa ajili ya msomaji wa bara. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Ukikielekeza huko tanga linapigapiga kama nguo iliyoanikwa na chombo kinasimama. Njia pekee ni kwenda upandeupande, upepo ukikupiga shavu moja, kisha ugeuke ukupige la pili. Jahazi kubwa lenye foromali ndefu, ule mti unaobeba tanga, hupata tabu sana kwa jambo hili, maana kila kugeuka ni kazi ya watu wengi kuihamisha foromali upande wa pili wa mlingoti. Nahodha wa jahazi akiweza kungoja, alingoja. Ndiyo maana biashara nzima ya pwani yetu ilipangwa kwa kaskazi na kusi. Mbio za mashua za Olimpiki zimepangwa kinyume cha busara hiyo. Boya la kwanza huwekwa makusudi kule upepo unakotoka. Mtu akishapita mstari wa kuanzia, kazi yake ya kwanza ni kubisha.

Mwaka 1948 Olimpiki ilikuwa London, na mbio za mashua zilifanyika Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza. Elvstrøm alikuwa na umri wa miaka 20. Chombo kilikuwa Firefly, kidau cha futi 12 kilichobuniwa na Uffa Fox, na kila nchi ilikuwa na mtu mmoja ndani ya chake. Katika shindano la kwanza kabisa chombo chake na cha Finland vilikutana katika njia moja, ukazuka utata wa nani ampishe nani. Elvstrøm akajitoa. Akageuza chombo, akarudi pwani, na kwenye orodha ya matokeo ya siku ile jina lake halikuwa na nafasi.

Ili uelewe uzito wa kitendo hicho, lazima ujue kwamba katika mchezo huu wakati ule hapakuwa na refa anayekimbia pembeni na filimbi mdomoni. Kuna sheria, na za msingi ni chache: chombo kinachopata upepo kwa mkono wa kushoto hukipisha kinachoupata kwa mkono wa kulia, kilicho upande wa joshi, kule upepo unakotoka, hukipisha kilicho chini yake, kinachompita mwenzake ndicho cha kukaa mbali. Wa kuzisimamia ni mabaharia wenyewe. Ukiamini kuwa mwenzako amekukosea, unampigia ukelele papo hapo, unapandisha kibendera, na jioni mnakaa mbele ya baraza la waamuzi mkaeleze. Ukijua kuwa aliyekosea ni wewe, unajihukumu. Zama zile hukumu ilikuwa moja tu: kuondoka. Kwa hiyo kijana mwenye haya, ugenini, katika Olimpiki yake ya kwanza, alipaswa kuamua ndani ya dakika chache kama yuko sahihi, na kama yuko sahihi, je, ataweza kusimama jioni mbele ya watu wazima kutetea haki yake? Hakubisha. Alikwenda zake.

Nalielewa jambo hili kupita ninavyoelewa medali zake zote. Nilipokuwa na umri wa kama miaka 12 nilikuwa mkumba maji katika ngalawa ya jirani yetu siku ya mashindano ya kijijini. Tulipofika kwenye kigingi cha kuzungukia, ngalawa nyingine ilituingilia kwa ndani, mirengu, ile miti ya pembeni, ikagongana, na mrengu wetu mmoja ukavunjika. Aliyeshika usukani wa ngalawa yetu alikuwa kijana mpole, na kila aliyekuwa ufukweni aliona kuwa njia ilikuwa yake. Lakini nahodha wa ngalawa ile nyingine alikuwa na sauti kubwa, alianza kupiga kelele kabla hata hatujatia nanga, na wazee wakamsikiliza aliyesikika. Kijana wetu aliinama akaanza kufungua kamba za mrengu uliovunjika. Sikuwahi kumwona tena katika mashindano. Mara nyingi nimejiuliza kilichompata: alikosa haki, au alikosa maneno ya kuisemea haki?

Elvstrøm alirudi majini siku iliyofuata. Hesabu za mchezo wa wakati ule zilimpa nafasi, ingawa nyembamba. Kulikuwa na mashindano saba, na kila mmoja aliruhusiwa kuacha tokeo lake baya kuliko yote. Yeye lake lilikuwa limeshajulikana. Alama nazo hazikupangwa kwa ngazi zilizo sawa. Wa kwanza alimzidi wa pili kwa alama 301, na wa pili alimzidi wa tatu kwa 176 tu. Kadiri unavyoshuka, ndivyo pengo linavyopungua. Ilikuwa hesabu ya kumtukuza anayeshinda, na haikumjali sana anayekaa salama katikati. Elvstrøm alipanda taratibu, na katika shindano la sita alikuwa wa kwanza. Katika la saba, la mwisho, akawa wa kwanza tena. Jumla yake ilikuwa alama 5,543. Mmarekani Ralph Evans aliyemfuata alikuwa na 5,408. Toa 301 katika hesabu ya Elvstrøm, yaani mfanye awe wa pili mara moja badala ya wa kwanza, na dhahabu ile haipo. Alikwenda nayo nyumbani kwa pengo dogo kuliko tofauti ya nafasi moja.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha mchezo wenyewe. Mabaharia wengi wa mashindano Ulaya ya wakati ule waliuchukulia kama burudani ya watu waungwana: chombo kizuri, akili ya kuusoma upepo, na baada yake chai. Elvstrøm aliuona mwili. Chombo chepesi kinapobisha, upepo unalilaza tanga upande wa demani, kule upepo unakoelekea, na chombo kilicholala hukokota maji. Kukisimamisha, baharia huutoa mwili wake nje upande wa joshi awe jiwe la mizani. Watu wa Lamu wanalijua hili. Katika mashua zao za mashindano huchomeka ubao utokeze nje, na mabaharia wakaenda kuukalia juu ya maji ili mashua isipinduke. Katika kidau cha mtu mmoja hakuna ubao wala mwenzako wa kumtuma. Elvstrøm aliingiza miguu yake chini ya mikanda iliyofungwa sakafuni mwa chombo, akajilaza nyuma kabisa, mapaja yakiwa kwenye ukingo na kichwa kikikaribia mawimbi, akakaa hivyo wakati wenzake wamekaa wima na kuegemea nje kidogo tu.

Kujilaza hivyo kwa dakika moja kila mtu anaweza. Jaribu kwenye ukingo wa kitanda, mtu akikushikia miguu, uone tumbo na mapaja yanavyowaka kabla hujahesabu hamsini. Mbisho mmoja wa mashindano unaweza kuchukua nusu saa. Kwa hiyo alijitengenezea benchi nyumbani, lenye mkanda wa miguu kama ule wa chomboni, akawa analikalia kila siku akining'inia hewani. Nikimfikiria namwona hapo kuliko jukwaani: jioni ya baridi ya Denmark, hakuna bahari, hakuna tanga, hakuna wa kumshangilia, mtu amelala chali juu ya hewa ndani ya nyumba yake, anahesabu. Na majira ya baridi, wakati vyombo vya wengine vimepandishwa nchi kavu na kufunikwa maturubai, yeye aliendelea kutoka Hellerup kwenda baharini.

Kuna kitu kingine chake ambacho mimi, mkumba maji wa zamani, siwezi kukipita upesi. Kwetu maji yakiingia chomboni kazi ni ya mtoto na upo. Unachota, unamwaga, unachota, unamwaga, na upepo ukizidi maji yanakushinda mbio. Baharia aliye peke yake ndani ya kidau hana mtoto wa kumpa upo. Mkono mmoja umeshika kana ya usukani, wa pili umeshika demani, ile kamba ya kukazia na kulegezea tanga. Akiinama kukumba maji, mwili wake umerudi ndani, na chombo kimelala. Jibu la Elvstrøm lilikuwa kijidude cha chuma kinachowekwa kwenye tundu sakafuni mwa chombo. Ukikisukuma chini kinatokeza kidogo nje, chini ya chombo, mdomo wake ukiangalia nyuma. Chombo kikienda kasi, maji ya bahari yanayopita nje yanaacha nyuma ya mdomo ule nafasi yenye shinikizo dogo, na yale ya ndani yanafyonzwa kwenda kuijaza. Kasi ya chombo yenyewe inakikausha chombo. Kikisimama lazima ukifunge, la sivyo bahari inaingia kwa mlango ule ule. Kifaa hicho hadi leo kinaitwa kwa jina lake, na vidau vidogo vya mashindano katika nchi nyingi vinacho sakafuni. Kila ninapokifikiria mikono yangu inakumbuka ule upo wa mbao, mpini wake uliolainishwa na viganja vya watoto walionitangulia.

Mwaka 1952 huko Helsinki palikuwa na chombo kipya, Finn, kilichobuniwa mwaka 1949 na Rickard Sarby wa Sweden. Ni kidau kizito cha mtu mmoja, mlingoti wake hauna kamba za kuushikilia, unapinda upepo unapovuma, na kinataka mtu mwenye mwili na stahamala. Sarby mwenyewe alikuwa mashindanoni akiendesha chombo cha akili yake. Alipata shaba. Elvstrøm alipata dhahabu, kwa alama 8,209. Charles Currey wa Uingereza, wa pili, alikuwa na 5,449. Linganisha pengo hilo na lile la Torquay. Ndani ya miaka minne yule kijana aliyejitoa shindano la kwanza alikuwa amewaacha wenzake mbali kiasi kwamba hesabu ya kumtukuza mshindi ilionekana kama iliandikwa kwa ajili yake. Melbourne 1956, katika ghuba ya Port Phillip, alishinda tena kwa Finn. Napoli 1960, tena.

Napoli ile ina mambo mawili yanayonishughulisha. La kwanza ni letu: Kenya, iliyokuwa bado chini ya Waingereza, ilikuwa na chombo mashindanoni mwaka huo, katika daraja la Flying Dutchman. Nilipoliona jina la Kenya katika orodha ya Napoli nilisimama kusoma, nikawafikiria manahodha wa Lamu, Pate, Tumbatu na Kojani waliokuwa hai mwaka huo, watu walioweza kuusikia upepo unaobadilika kwa ngozi ya shingo, na hakuna aliyewaza kuwauliza kama wangependa kwenda. Uchungu huo sijaumaliza.

La pili ni lake. Alikwisha kuipata dhahabu ya nne kabla ya shindano la mwisho, na hilo la mwisho hakulisafiri. Mwili na mishipa ya fahamu vilikuwa vimechoka. Elvstrøm hakuficha kwamba mashindano yalimla kwa ndani, kwamba wasiwasi ulimfanya mgonjwa kweli, si kwa maneno tu. Tumezoea kumdhania bingwa kuwa mtu asiyeogopa. Huyu alikuwa na hofu iliyokua pamoja na medali zake, maana kila ushindi ulizidi kumwachia njia moja tu ya kutowavunja watu moyo. Benchi lile la nyumbani liliimarisha mapaja na tumbo. Halikuwa na mkanda wa kumshikia moyo.

Kabla na baada ya hapo alishinda ubingwa wa dunia katika madaraja mengi, vyombo tofauti kabisa, kuanzia Snipe hadi Star na Soling, na baadaye alikwenda Olimpiki nyingine bila medali: wa nne Acapulco 1968, wa kumi na tatu mwaka 1972. Orodha kamili ni ndefu na haina haja hapa. Ninachotaka kukaa nacho ni kazi yake ya mezani. Mwaka 1954 alianzisha kiwanda cha kushona matanga, na kampuni yenye jina lake, alama yake taji, ingali inashona matanga huko Aabenraa, kusini mwa Denmark. Na katika miaka ya 1960 alitoa kitabu cha kueleza sheria za mbio za mashua.

Kitabu hicho kilikuja na vimashua vidogo vya plastiki. Msomaji alivitoa, akavipanga mezani, akavisogeza kwa kidole: hiki kinatoka kushoto, hiki kulia, hapa lipo boya, upepo unatoka kwenye kikombe cha chai, sasa nani ampishe nani? Sheria hizo hurekebishwa kila baada ya Olimpiki, na kitabu kikafuatana nazo toleo kwa toleo, kikatafsiriwa katika lugha mbalimbali. Wanachama wa vilabu duniani kote walijifunza kutoka humo. Ndani ya vyumba vya waamuzi, jioni za malalamiko, vimashua kama vile vilitawanywa mezani ili kila upande uonyeshe ulivyoyaona mambo.

Nadhani kitabu hiki kilianza Torquay, siku alipogeuza chombo akarudi pwani. Hakuna ninapoweza kukuonyesha kuwa yeye mwenyewe aliandika hivyo. Ni hisia yangu, naisema kama hisia. Mtu aliyewahi kukosa maneno ya kuisemea haki yake hujua thamani ya meza na vimashua vitano. Mezani sauti kubwa haisaidii. Kijana mpole mwenye kidole kimoja anaweza kusogeza plastiki na kusema: nilikuwa hapa, yeye alikuwa hapa, upepo ulikuwa huku. Laiti pale ufukweni kwetu mtu angechora mchangani kwa kijiti ngalawa mbili na kigingi, na akampa kijiti yule aliyekuwa kimya.

Aliwafundisha pia wenzake jambo ambalo linarudiwa hadi leo katika vilabu vya mashua: kwamba mtu aliyeshinda huku amepoteza heshima ya aliowashinda, huyo hakushinda. Maneno ya namna hii ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kushinda kitu. Kwa Elvstrøm yalitoka kwa mtu ambaye siku yake ya kwanza katika Olimpiki alichagua kuondoka, kisha akawashinda watu wale wale katika maji yale yale.

Mwaka 2012 mbio za Olimpiki zilirudi pwani ya kusini mwa Uingereza, Weymouth, na Ben Ainslie wa huko alikuwa akiisaka dhahabu yake ya nne. Alikuwa na fedha ya 1996 na dhahabu tatu. Chombo kilikuwa Finn kile kile cha Sarby, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Mdenmark, Jonas Høgh-Christensen. Katika shindano mojawapo Mdenmark huyo na Mholanzi mmoja walidai kuwa Ainslie ameligusa boya. Ainslie aliamini hakuligusa. Wakati huo sheria ilikuwa imelegezwa: aliyekosea hana haja ya kuondoka, anakizungusha chombo chake kama adhabu, kisha anaendelea. Ushahidi wa wawili dhidi ya mmoja ni hatari mbele ya baraza, kwa hiyo Ainslie akazunguka, amekasirika waziwazi, akaendelea na safari. Dhahabu ilikwenda kwake mwishowe, na fedha kwa Høgh-Christensen. Elvstrøm alikuwa hai, na umri wa miaka 84, siku rekodi yake ya mashua ilipopitwa. Finn nayo ilisafiri Olimpiki kwa mara ya mwisho katika michezo ya Tokyo. Paris 2024 haikuwemo.

Lakini mimi simwachi huko. Namwacha na binti yake. Trine alizaliwa mwaka 1962, baada ya dhahabu zote nne. Katika miaka ya 1980 baba na binti waliingia pamoja kwenye Tornado, chombo cha watu wawili chenye vidau viwili vyembamba vilivyounganishwa, katikati hamna kitu ila wavu wa kukalia. Mtu wa ngalawa akikiona atasema hii ni mirengu miwili iliyomtoroka mama yao. Ni chombo cha kasi ya kutisha. Mwaka 1983 na 1984 walikuwa mabingwa wa Ulaya. Mwaka huo wa 1984 walikwenda Olimpiki, California, baba miaka 56, binti miaka 22, na wakawa wa nne, nafasi moja tu chini ya medali. Miaka minne baadaye walikwenda tena, Korea ya Kusini, katika maji ya Pusan. Yeye alikuwa na miaka 60. Ilikuwa Olimpiki yake ya nane, na miaka 40 ilikuwa imepita tangu Torquay. Walimaliza wa kumi na tano.

Katika Tornado ya miaka ile anayeongoza alikaa ndani ameshika kana. Mwenzake alivaa mkanda wa kiunoni uliofungwa kwenye waya unaoshuka kutoka juu ya mlingoti, akakanyaga ukingo wa chombo, akautoa mwili wake wote nje, amenyooka juu ya maji upande wa joshi. Baba ndiye aliyekuwa ndani. Mahali pale nje, ambapo yeye aliwahi kulala kwa nguvu za tumbo na mapaja miaka yote ile, sasa alikuwapo Trine, amesimama juu ya hewa, nywele zimelowa. Boya la kwanza liko mbele, upepo unatoka huko huko. Baba anasema neno. Binti anaingia ndani, wanainama wote wawili, tanga linapita juu ya vichwa vyao, na wanatokea upande wa pili.